Betri za Zana: Kanuni Ipi ni ya Betri Ipi

Waulize mafundi wanne namna ya kutunza betri ya drili, na huenda ukaondoka na majibu manne yanayogongana. Wa kwanza atakuambia uiache iishe kabisa ndipo uichaji. Wa pili atakukataza kuiacha iishe hata siku moja. Wa tatu atasema betri mpya ilale kwenye chaja usiku kucha kabla haijafanya kazi yoyote. Wa nne atasema ikae kwenye chaja muda wote ili ukiihitaji uikute imejaa. Hakuna anayekudanganya. Kila ushauri kati ya hiyo uliwahi kuwa wa kweli, au bado ni wa kweli, kwa betri ya aina fulani. Tatizo ni kwamba ushauri umehama kutoka betri moja hadi nyingine na sababu zake zikabaki nyuma, ndiyo maana hata watu wanaovijali vifaa vyao kwa moyo wote huua betri kabla ya wakati. Ukishajua kilichomo ndani ya betri yako, mengi yanajieleza yenyewe.

Ushauri wa zamani ulitoka wapi

Kongwe kati ya betri zinazochajika ni ile ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo ndiyo inayowasha magari. Betri hii huumia ikikaa bila chaji: salfeti ya risasi hujenga juu ya sahani zake fuwele ngumu ambazo haziondoki kirahisi. Kwa hiyo ushauri wa kuiweka ikiwa imejaa ni sahihi kabisa, kwa betri ya gari.

Ikafuata nikeli-kadimiamu, kazi ya Msweden Waldemar Jungner ya mwaka 1899. Hii ndiyo iliyoiondolea drili waya; Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961 ikiwa na seli za aina hiyo, yaani betri ndogondogo zinazounganishwa pamoja ndani ya kasha moja. Nikeli-kadimiamu ina tabia inayoitwa kumbukumbu: ikitumiwa kidogo kisha ikachajiwa, tena na tena kwa kiwango kilekile, volti yake huanza kulegea mapema, palepale ilipozoea kuishia. Hapo ndipo ulipozaliwa ushauri wa kuimaliza betri kabla ya kuichaji. Na hata kwa nikeli ushauri huo ulitiwa chumvi. Maana yake ilikuwa utumie mpaka drili ipoteze nguvu, ukome hapo. Wapo waliofunga swichi ya drili kwa mpira ili izunguke hadi isimame yenyewe, na matokeo yake seli iliyo dhaifu kuliko wenzake ikapitishiwa umeme kinyume na kuharibika. Nikeli-haidraidi iliyokuja baadaye ina kumbukumbu kidogo zaidi, ila hupoteza chaji upesi ikikaa kabatini, hivyo wenye nayo walizoea kuichaji usiku wa kuamkia kazi.

Betri ya ioni za lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyoizaa. Katikati ya miaka ya 2000 ikaanza kutumika kwenye zana za ufundi, na sasa karibu kila zana mpya ya betri inaitumia. Haina kumbukumbu. Haipendi kuisha kabisa kama nikeli ilivyoambiwa iishe, wala haipendi kukaa imejaa kama ya gari. Yaani malezi ya betri zote mbili zilizoitangulia yanaiumiza.

Usikisie aina ya betri kwa kuangalia volti. Betri ya volti 18 inaweza kuwa na seli 15 za nikeli zenye volti 1.2 kila moja, au seli 5 za lithiamu zenye volti 3.6 kila moja. Hesabu inafika palepale, kemia ni tofauti kabisa. Soma lebo: Ni-Cd, Ni-MH au Li-ion. Hili si jambo dogo, kwa sababu chaja nyingi za nikeli hutambua kwamba betri imejaa pale volti inaposhuka kidogo mwishoni mwa kuchaji. Lithiamu haitoi ishara hiyo. Chaja ya nikeli ikiunganishwa kwenye betri ya lithiamu kwa ujanja wowote itaendelea kusukuma umeme ikingoja ishara ambayo haitakuja, na hapo ndipo moto unapoanzia.

Kuanzia hapa nazungumzia lithiamu, maana ndiyo iliyo mikononi mwa watu wengi.

Namba za kwenye lebo

Ndani ya kasha la plastiki kuna seli za mviringo. Zilizozoeleka ni zile zinazoitwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na zilizo kubwa zaidi za 21700. Seli moja ya lithiamu huhesabiwa kuwa na volti 3.6, na ikijaa hufika 4.2. Seli tano zilizopangwa mfululizo zinatoa volti 18 za kawaida, au 21 mara tu zinapotoka kwenye chaja. Kwa hiyo betri iliyoandikwa 20V na ile iliyoandikwa 18V mara nyingi zina seli tano zilezile. Mtengenezaji mmoja ameandika kiwango cha kujaa, mwingine ameandika cha wastani. Hakuna sababu ya kulipa zaidi kwa tofauti hiyo.

Herufi Ah, yaani ampea-saa, zinaeleza ujazo. Seli tano pekee zenye 2 Ah zinafanya betri ya 2 Ah. Seli kumi za 2.5 Ah, mbilimbili sambamba, zinafanya betri ya 5 Ah. Watu huona namba hiyo kama muda wa kufanya kazi tu, na hapo wanapitwa na jambo linaloamua umri wa betri kuliko karibu lingine lolote. Chukua grenda inayovuta ampea 30. Kwenye betri ya seli tano, kila seli inabeba ampea zote 30. Kwenye ya seli kumi, kila seli inabeba 15, kama gunia lililochukuliwa na watu wawili. Joto ndani ya seli huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo nusu ya mkondo inaleta robo ya joto kwa kila seli. Hiyo ndiyo sababu betri ndogo iliyofungwa kwenye grenda au msumeno wa mviringo hutoka ikiwa ya moto, na baada ya muda huzeeka, wakati ile kubwa ikifanya kazi hiyohiyo inatoka vuguvugu. Betri ndogo ipe drili, bisibisi ya umeme na taa. Zana zenye njaa zipe betri kubwa.

Ujazo pia unasaidia kuumbua betri za kughushi. Seli ya 18650 iliyo bora hufika kama 3.5 Ah, haipiti hapo kwa maana. Betri ya seli tano za aina hiyo inayojitangaza kuwa ya 6 Ah inasema uongo. Ipime mkononi: seli moja ya 18650 ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50, hivyo seli kumi peke yake ni karibu nusu kilo kabla hujaongeza kasha. Betri ya 5 Ah iliyo nyepesi kama ya 2 Ah haina kile kilichoandikwa juu yake, na aliyedanganya kuhusu ujazo haaminiki kuhusu saketi ya ulinzi, ile inayokata umeme mambo yakienda vibaya.

Kinachotokea kwenye chaja

Chaja ya lithiamu hufanya kazi kwa awamu mbili. Mwanzoni inasukuma mkondo usiobadilika huku volti ya seli ikipanda. Seli zikifika 4.2, chaja inashikilia volti hapo na mkondo unapungua taratibu mpaka unakaribia kuisha, kisha inakata. Ndiyo maana sehemu kubwa ya chaji huingia haraka na asilimia za mwisho huchelewa. Ukiwa na haraka, betri iliyotolewa kabla taa haijageuka kijani haijadhurika hata kidogo. Kwa kweli umeifanyia wema.

Betri mpya nayo haihitaji kulala kwenye chaja. Inakuja ikiwa na chaji kidogo kwa sababu za usalama: tangu mwaka 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo wa ndege hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya ujazo wake. Ichaji hadi taa iseme imejaa, uanze kazi.

Halijoto ndiyo yenye uzito hapa. Wakati wa kuchaji, ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, husafiri kutoka upande chanya na kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafaiti ya upande hasi. Chini ya nyuzi 0 za Selsiasi kupenya huko kunakuwa kwa shida. Ioni zinafika kwa wingi kuliko zinavyoweza kuingia, na zilizokosa nafasi hugandia juu ya grafaiti kama chuma cha lithiamu. Sehemu ya ujazo inapotea moja kwa moja, na chuma hicho kinaweza kuota miiba inayotoboa utando uliotenganisha pande mbili za seli. Betri haitaonyesha dalili yoyote siku hiyo. Itaonyesha baadaye, ukiwa umeshasahau. Kumbuka kwamba katazo hili ni la kuchaji. Kuitumia kwenye baridi inaruhusiwa, ila itakuwa na nguvu ndogo kidogo. Iliyokaa kwenye baridi kali iingize ndani, ipate joto la chumba kwa saa kadhaa, ndipo uichaji.

Kwenye joto, mpaka wa kawaida wa kuchaji ni kama nyuzi 40 hadi 45. Betri iliyotoka kukata chuma inaweza kuwa imeshapita hapo. Chaja nzuri ina namna ya kusoma joto la betri na itakataa kuanza, ikimulika taa ya kungoja. Watu huikasirikia chaja ya namna hiyo, na wengine huichomoa na kuichomeka tena mara kadhaa ili ikubali. Iache ingoje. Nusu saa kivulini inatosha mara nyingi. Ukiwa na kazi nyingi, afadhali betri mbili za kupokezana kuliko moja inayolazimishwa kutoka motoni kwenda kwenye chaja na kurudi.

Chaja yenyewe inahitaji hewa. Matundu yake yasizibwe na vumbi la mbao, na vumbi la chuma ni baya zaidi kwa kuwa linapitisha umeme. Iweke juu ya kitu kisichoshika moto, saruji au kigae, mbali na rangi, thina na maranda ya mbao, na isikae kwenye njia mnayotegemea kutokea. Kuhusu kuchaji usiku watu wakiwa wamelala, msimamo wangu ni kwamba hakuna kazi ya kesho inayostahili hilo. Chaja nzuri hukata umeme betri ikijaa, ni kweli. Lakini saketi huharibika, na kinachotenganisha hitilafu na janga mara nyingi ni mtu aliye macho karibu.

Baada ya kujaa, iondoe. Haitalipuka kwa kukaa pale, ila betri iliyojaa na yenye joto huzeeka kwa kasi kuliko ilivyo katika hali nyingine yoyote ya kawaida.

Kabatini

Lithiamu huzeeka hata ikiwa haifanyi kazi, na mambo mawili yanaamua kasi yake: imejaa kiasi gani, na iko kwenye joto kiasi gani. Ukijua hutaitumia kwa wiki kadhaa, iache na chaji ya asilimia 40 hadi 60. Kwenye betri yenye taa nne, hizo ni taa mbili. Itafutie mahali pakavu na pa ubaridi wa kawaida. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto linaweza kupita nyuzi 60, kwa hiyo gari si stoo ya betri. Jokofu nalo lina tatizo lake: ukiitoa, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya vichwa vya umeme na kwenye saketi.

Ichomoe kwenye zana. Baadhi ya zana hunyonya umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa, na mnyonyo huo mdogo kwa miezi sita unatosha kuimaliza betri iliyokuwa nusu. Itazame kila baada ya miezi miwili au mitatu, na ikibaki taa moja iongeze.

Vifuniko vya plastiki vinavyokuja na betri watu huvitupa siku ya kwanza. Vina kazi. Betri iliyotupwa kwenye mkoba wenye misumari na funguo inaweza kupigwa shoti, na seli hizi zina uwezo wa kutoa mkondo mkubwa mno kwa ghafla. Kama kifuniko kimepotea, itengee mfuko wake.

Betri iliyokufa, na hatari ya kuifufua

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Betri imekaa mwaka mzima, chaja inaikataa. Kuna mbinu inayozunguka sana: unaunganisha waya mbili kutoka betri nzima hadi iliyokufa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unasubiri dakika chache, kisha unaipeleka kwenye chaja nayo inakubali. Mbinu inafanya kazi. Ubaya wake umo humohumo kwenye kufanya kazi kwake, kwa kuwa chaja ilikuwa na sababu ya kukataa.

Seli ya lithiamu inatakiwa isishuke chini ya volti kama 2.5 au 3, kutegemea mtengenezaji. Ikiendelea kushuka hadi chini ya 2 na kukaa huko, karatasi ya shaba inayobeba upande hasi huanza kuyeyukia ndani ya elektroliti, kile kimiminika kilichomo ndani ya seli. Ukiichaji tena, shaba hiyo inaganda upya, lakini hairudi ilikotoka. Inaota mahali popote, pengine ikijenga daraja dogo kati ya pande mbili za seli. Betri itachaji, itafanya kazi, na utaamini umeiokoa. Hilo daraja halionekani kwa macho wala kwa kipima volti cha kawaida. Kwa hiyo swali la kama inaweza kufufuliwa lina jibu la ndiyo, na bado sikushauri uifufue.

Kabla ya kuitangaza imekufa, hakikisha mambo mepesi. Vichwa vya umeme vikiwa na vumbi au kutu, vifute kwa kitambaa kikavu. Ikiwa ya moto au ya baridi, ingojee. Ijaribu kwenye chaja nyingine ya aina yake, na chaja hiyo uijaribu kwa betri nyingine. Ikishindwa kote, imekwisha. Mara nyingi ni seli moja tu iliyodhoofika na kuzivuta chini zilizobaki, lakini kubadilisha seli moja si kazi ya bunduki ya kulehemu risasi mezani: joto la kulehemu huharibu seli, na seli mpya iliyochanganywa na kuukuu haitalingana nazo kwa ujazo. Kazi hiyo inahitaji mashine ya kulehemu kwa nukta na mtu anayejua kupima seli zote.

Tahadhari hiyohiyo inahusu adapta za kufunga betri ya chapa moja kwenye zana ya chapa nyingine. Kuna watengenezaji walioweka ulinzi wa kukata umeme ndani ya betri, na wengine wakauweka ndani ya zana. Adapta ikiunganisha betri isiyo na ulinzi na zana isiyo na ulinzi, hakuna wa kusema inatosha, na betri itanyonywa hadi kwenye kile kiwango cha shaba kuyeyuka. Ukiitumia, simama mwenyewe zana inapoanza kulegea.

Dalili, moto, na mwisho wa betri

Kasha lililotuna au kupasuka, harufu tamu ya kemikali, joto wakati haifanyi kazi, sauti ya mvuke: lolote kati ya hayo linatosha kuiondoa kazini. Iliyoanguka kutoka juu ya ngazi au kuingia maji, hasa ya chumvi, iweke nje peke yake na uiangalie. Usiiwahishe kwenye chaja.

Ndani ya seli, utando unaotenganisha pande mbili huanza kuyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 130. Ukishayeyuka, seli inajipasha yenyewe, inaiwasha jirani yake, na upande chanya wa seli nyingi huachia oksijeni, hivyo kuufunika moto kwa blanketi hakuuzimi. Moshi wake una haidrojeni floraidi, gesi ya sumu. Ondoa watu kwanza, kisha ita zimamoto. Kama chaja ingali kwenye umeme, kata umeme kwenye swichi kuu ikiwa unaifikia bila kupita kwenye moshi. Maji mengi ndiyo yanayosaidia, kwa sababu kazi ni kupoza seli ambazo bado hazijashika, na betri iliyoonekana kuzima inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye.

Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba ziende kwenye mzigo wa mkononi, vichwa vyake vimefunikwa. Zidisha volti kwa Ah: 18 mara 5 ni wati-saa 90, iko chini ya kikomo cha 100. Ile ya 6 Ah inafika 108, na kuanzia 100 hadi 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege.

Iliyozeeka kwa haki yake, baada ya mizunguko mia kadhaa ya kuchaji, isiende kwenye pipa la taka. Magari ya taka hukandamiza mzigo, na seli ya lithiamu iliyopondwa huwasha kila kilichoizunguka. Ziba vichwa vyake kwa tepu ya umeme, iweke mbali na vitu vinavyowaka, na uipeleke panapokusanywa betri kuukuu. Wauzaji wengi wa zana huzipokea.